Sakafu ya gereji yenye hita inayotumika kama karakana: mwongozo kamili, kuanzia kulipima zege mpaka siku ya kuingiza mashine

Mtu akitaka kugeuza gereji yake iwe karakana swali lake la kwanza huwa ni "niweke epoksi au niweke raba?" (epoksi ni rangi nzito ya kupaka inayoganda ikawa ngumu) na mimi kabla sijamjibu namuuliza, hilo joto la gereji yako linatoka wapi? Wengi wanashangaa, wanaona swali halihusiani kabisa. Linahusiana sana, maana sakafu ile ile inayomwokoa mmoja inamwumiza mwingine, na ukilikosea hili hata ukinunua mali bora kuliko zote utakuja kuing'oa.

Hatua ya 1: Jua joto linatoka juu au linatoka chini

Kama linatoka juu, yaani una hita ya kuning'inia darini, ya ukutani, jiko la kuni au AC inayopuliza hewa ya moto, basi hewa hiyo inapanda na wewe umesimama pale ilipotoka. Utakuta kichwani kuko vizuri kabisa alafu miguu inauma kwa baridi, zege linavuta joto la nyayo zako na kulipeleka ardhini muda wote uliosimama. Huyu anahitaji sakafu ya kumtenga na zege: mbao, raba nene, plaiwudi juu ya foamu ngumu.

Kama linatoka chini, yaani kuna paipu za maji moto (mara nyingi zile za plastiki ya PEX) au waya za umeme zimezikwa ndani ya zege, mambo yanageuka. Hapo zege ndo hita yenyewe, na chochote utakachotandika juu yake umeifunika hita blanketi.

Blanketi zito kiasi gani, hilo unaweza kulipigia hesabu mwenyewe na si ngumu: chukua unene wa kitu kwa mita, ugawanye kwa uwezo wake wa kupitisha joto; namba ikiwa kubwa, blanketi ni zito. Plaiwudi ya milimita 18 inakuja kama 0.14. Raba ya milimita 10 kama 0.06. Mikeka ya povu ya EVA ya milimita 12, ile ya vipande vinavyoshikana kama fumbo, inapita 0.25. Tailizi ya milimita 10 haifiki hata 0.01, na epoksi ni nyembamba kiasi kwamba usiihesabu. Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 cha sakafu za kupashwa joto kinataka kilichowekwa juu kisizidi 0.15, na uso wa sakafu pale watu wanapokaa usizidi nyuzi 29.

Sasa namba hizo zina maana gani kwako? Chukulia sakafu yako inatoa wati 50 kwa kila mita ya mraba. Zidisha mara 0.14 ya plaiwudi unapata nyuzi 7, yaani zege chini ya plaiwudi lazima liwe na joto la nyuzi 7 zaidi ili juu upate kile kile ulichokuwa unapata bila plaiwudi. Kwenye povu zinapita 12, boila inakimbia siku nzima na bado unafanya kazi umevaa jaketi. Mimi niliwahi kutandika povu gereji nzima juu ya paipu kwa sababu miguu ilikuwa inachoka, wiki mbili thamosta haikufika pale nilipoiweka, nilidhani pampu imekufa kumbe ni mikeka.

Na ukiwa na joto la chini, yaani linalotoka kwenye zege, uliheshimu, ni mali. Zege la sentimita 10 kwenye gereji ya mita 6 kwa 6 lina uzito unaopita tani 8, hizo tani zote zimeshika joto. Ukifungua mlango mkubwa kuingiza gari hewa ya moto yote inatoka, lakini ukifunga dakika chache tu kumerudi kuwa na uvuguvugu, kitu ambacho hita ya hewa haikupi.

Hatua ya 2: Andika kazi unazofanya kweli

Sio unazoota kufanya siku moja, unazofanya. Kaa na karatasi ujibu: nachomelea au nakata chuma kwa grainda? Natengeneza gari, namwaga oili na petroli? Nafanya useremala, nasimama saa nyingi mezani na patasi zinaanguka? Na je, gari bado linalala humu ndani usiku, linaingia na maji, matope au theluji yenye chumvi?

Cheche za welda zinaruka mbali kuliko watu wanavyofikiri, mita 10 sio ajabu, kwa hiyo ukisema "nachomelea kona ile tu" ujue gereji nzima ni kona ile. Oili ya breki inabambua rangi, asidi ya betri inakula zege lenyewe. Jibu la swali la gari kulala ndani ndo linalokata chaguzi nyingi kuliko yote, maana tairi la moto na maji ya chumvi vinaua sakafu ambayo ingeishi miaka mingi kwa fundi seremala.

Hatua ya 3: Pima zege kabla hujapenda kitu

Hapa ndo watu wanaparuka na hapa ndo sakafu nyingi zinapofia. Anza na unyevu. Kata karatasi ya nailoni safi ya sentimita 45 kwa 45, ibandike kwenye zege kwa tepu pande zote nne isipitishe hewa, iache angalau saa 16, mimi naiacha siku mbili. Weka zaidi ya moja: karibu na mlango, katikati, na kwenye ukuta ulio upande wa ardhi ya juu. Ukibandua ukakuta zege limekuwa jeusi au kuna matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, huo ni unyevu wa hewa ya humu ndani unaogandia sehemu ya baridi, tatizo jingine na dawa yake nyingine. Kama joto lako ni la chini fanya kipimo hiki hita ikiwa imewashwa kama kawaida, maana joto ndo linalousukuma mvuke juu, zege baridi linaweza kukudanganya.

Kwa kazi kubwa kuna kipimo cha kutoboa na kuingiza kihisio, kwenye zege linalokauka upande mmoja kinaingia asilimia 40 ya unene, yaani sentimita 4 kwenye zege la sentimita 10. Kinasema ukweli zaidi kuliko nailoni, ila kama kuna paipu humo usiruhusu drili iguse kitu mpaka umezijua zilipo.

Zege jipya nalo, watu wanachanganya kuiva na kukauka. Siku 28 ni za nguvu. Kukauka kwa makadirio ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo zege la sentimita 10 lipe kama miezi minne kabla hujalifunga na kitu kisichopumua.

Paipu sasa. Subiri sakafu ipoe kabisa, washa, alafu baada ya muda piga picha kwa kamera ya joto, mistari inaonekana wazi kama imechorwa. Huna kamera? Lowesha sakafu kidogo kwa mopu, washa joto, ukae uangalie: juu ya paipu kunatangulia kukauka. Weka alama kwa chaki, pima umbali kutoka kuta mbili, chora kwenye karatasi na upige picha. Usiseme utakumbuka, hutakumbuka, na paipu iliyotobolewa na bolti ya vaisi ni kuvunja zege.

Mteremko: gereji nyingi zimemwagwa zikishuka kuelekea mlangoni, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mita 6 nyuma na mbele vinaweza kutofautiana hata sentimita 12. Kama gari linaingia na maji usiusawazishe, huo mteremko unafanya kazi yake, ukiuondoa maji yatakaa chini ya kabati zako. Afadhali mashine na meza uziwekee miguu ya kuzungusha juu chini.

Mwisho dondosha maji. Yakinywewa ndani ya dakika chache zege liko wazi, linapokea gundi na rangi. Yakikaa kama shanga basi kuna sila ya zamani (dawa ya kuziba vitundu vya zege) au oili imeingia, na hapo hakuna kitakachoshika mpaka uisage.

Hatua ya 4: Chagua

Zege lenyewe, likisafishwa na kukazwa. Naanza nalo kwa sababu watu wanalidharau, na kwa mtu mwenye joto la chini anayechomelea mimi sijaona linaloshinda hili. Unalisaga kidogo, unamwaga dawa ya silikati ambayo inakutana na chokaa iliyomo ndani ya zege na kufanya uso ukaze, vumbi linapungua sana. Cheche hazilifanyi kitu, jeki haiachi alama, joto linapita bila kizuizi. Kasoro yake ni madoa, oili ukiiacha usiku mzima imeingia, na asidi inaliuma.

Epoksi ni ya mtu wa magari. Inafutika, oili inabaki juu, na joto la chini haliisumbui ikishakauka. Ila ujue mambo manne: jua likiipiga mlangoni inageuka njano, ikilowa inateleza kwa hiyo changanya mchanga laini kwenye koti ya mwisho, cheche zinaacha vidoti vyeusi, na tairi la moto likisimama juu ya epoksi ya bei rahisi au iliyowekwa juu ya zege lisiloandaliwa linaondoka nayo kama plasta ya kidonda. Ile ya maji ya kopo moja naona ni rangi tu, nunua ya makopo mawili, nzito. Poliaspatiki ni ndugu yake anayevumilia jua na kukauka kwa saa chache, lakini kwa sababu hiyo hiyo inakuwahi kuganda kwenye ndoo, usiifanye peke yako kwenye gereji kubwa.

Kuhusu rangi yake, hivi vidoti vya mapambo vinavyomwagwa juu vinaficha uchafu kweli, lakini vinaficha na skrubu, nati, na ile springi ndogo ya kabureta uliyoiangusha. Kwa karakana chagua rangi moja ya mwanga, kijivu hafifu, mwanga wa taa unarudi juu hadi chini ya gari na kila kitu kikianguka unakiona.

Tailizi ngumu za posleni, zile zisizonywa maji zaidi ya asilimia 0.5, zinakwenda vizuri sana na joto la chini na oili haiziingii. Zinachotaka ni gundi inayonyumbulika na iliyojaa chini ya kigae chote. Ukigonga ukasikia mlio wa uwazi ng'oa hapo hapo kabla haijakauka, jeki ikija kukanyaga pale kigae kinapasuka. Chagua zenye uso wa kukwaruza. Nyundo nzito ikianguka vizuri itavunja moja, kwa hiyo weka za akiba kabatini. Na ni ngumu mno kwa magoti na mgongo.

Vipande vya plastiki vya kushikanisha vinapendwa kwa sababu unaweka kwa siku moja bila gundi na ukihama unahama navyo. Vya PVC vya milimita 5 hadi 7 ni vizuri, vimetulia, na zege lenye unyevu kidogo halivisumbui. Lakini plastiki inatanuka: sakafu ya mita 6 ikipanda nyuzi 20 inaweza kurefuka milimita 8 hivi, kwa hiyo ukutani acha nafasi ya milimita 10 usiibane chini ya kabati pande zote mbili, vinginevyo katikati itainuka kama tumbo. Tairi zinaacha doa la kahawia ambalo halitoki, chini ya magurudumu tumia vipande vyeusi. Vile vigumu vyenye matundu sivipendi kwa karakana, kelele, na kila kitu kidogo kinapita chini. Cheche zinavitoboa vyote.

Raba kwa mtu wa joto linalotoka juu anayesimama siku nzima ni raha, imenyamaza, chombo kikianguka hakivunjiki. Sio chini ya gari linalovuja, oili inaivimbisha. Na ukiwa na joto la chini raba iliyotengenezwa kwa tairi za zamani itatoa harufu kadiri inavyopata moto, nunua kipande kimoja kwanza ukiweke wiki nzima ndo uamue. Usiiweke pia juu ya epoksi au PVC ya rangi ya mwanga, inaacha doa.

Mbao nimeiacha mwisho maana ina mashabiki wake na mimi nimo. Zamani viwanda vya mashine viliweka sakafu za vipande vya mbao vilivyosimamishwa, ncha ikiwa juu, na sababu zilikuwa hizi hizi: miguu, na vyombo visivunjike. Kwa seremala mwenye hita ya hewa fanya hivi: nailoni ya milimita 0.15 juu ya zege, maungio yapishane na kubandikwa tepu, foamu ngumu ya XPS ya milimita 25 inayobeba uzito (tafuta ya kilopaskali 300 kama una mashine nzito), alafu tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 12, la pili likikatiza maungio ya la kwanza, zifungwe kwa skrubu zenyewe kwa zenyewe bila kugusa zege. Acha milimita 10 kila ukutani. Stendi za jeki daima juu ya bamba la chuma. Hii usiiweke juu ya paipu za joto, umeshaona hesabu, na usiiweke kwa fundi welda. Na kitu kimoja nakisisitiza, usijenge sakafu ya mbao yenye uwazi chini kwenye gereji inayokaa petroli, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya humo, na hita yako ina moto.

Kama kazi zako ni mchanganyiko usihangaike kutafuta sakafu moja ya kila kitu. Kwa joto la chini: zege lililokazwa au epoksi kote, na mkeka wa kupunguza uchovu wa milimita 12 hadi 20 pale tu unaposimama, mbele ya meza na mashine. Mkeka wa nusu mita ya mraba hauzuii joto la gereji. Kwa joto la juu: mbao au raba upande wa kazi, zege au epoksi upande wa gari.

Hatua ya 5: Andaa zege

Saga kwa mashine ya diski za almasi, sio asidi. Asidi inataka maji mengi ya kusuuza, inaacha chumvi kama hukusuuza vizuri, na umelilowesha zege ulilokuwa unalikausha. Kusaga nako kuna vumbi la silika ambalo linaharibu mapafu na hayaponi, kwa hiyo barakoa ya kweli ya vumbi laini, ile inayobana uso, na mashine iunganishwe na vakyumu. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Madoa ya oili yasafishwe kabla ya kusaga, ukianza kusaga unayasambaza. Nyufa zilizotulia jaza kwa epoksi nzito. Zile zinazotembea, na yale maungio yaliyokatwa makusudi kwenye zege, jaza kwa kitu cha kunyumbulika na yapitishe hadi juu ya sakafu mpya, ukiyafunika yatapasua kilicho juu.

Hatua ya 6: Weka, na ulitawale joto

Kwa epoksi zima joto la sakafu saa 24 kabla. Sababu ni mbili. Zege la moto linaikausha epoksi kabla hujamaliza kuitandaza, na pia hewa iliyo kwenye vitundu vya zege ikipata moto inatanuka na kupanda, inakuachia mapovu na vishimo uso mzima. Paka zege likiwa linapoa, jioni ni bora kuliko asubuhi, hapo hewa inavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Uso wa zege uwe angalau nyuzi 3 juu ya joto ambalo umande unaanza kuganda, kipimo kidogo cha unyevu wa hewa kitakwambia.

Usipashe gereji kwa hita ya gesi isiyo na bomba la moshi wakati epoksi inakauka, inatoa mvuke na kaboni dioksidi, uso unakuja na utando mweupe wa kuteleza kama grisi na koti ya pili haishiki. Kama mali yako ina thina, zima kila kitu chenye moto au cheche, fungua milango, na uvae barakoa ya kemikali.

Tailizi na plastiki ni rahisi zaidi, ila plastiki ilete ndani ilale siku mbili kwenye joto la kawaida la gereji kabla ya kuipanga.

Hatua ya 7: Kuwasha tena na kuingiza vitu

Epoksi nyingi unazikanyaga kwa viatu laini baada ya siku moja, gari subiri wiki, na soma kopo lako maana hutofautiana. Joto la chini usiliwashe lote kwa mkupuo. Baada ya hiyo wiki anza na maji ya nyuzi 20 hadi 25, yaache siku tatu, alafu panda nyuzi 3 hadi 5 kwa siku mpaka ufike pale pa kawaida. Tailizi vivyo hivyo, gundi iwe imeiva kwanza kama mfuko unavyosema.

Mashine nzito ziburuze juu ya plaiwudi, sio juu ya sakafu mpya. Zinazohitaji bolti toa ile ramani ya paipu uliyochora, toboa kwa kina ulichokipima na tepu iwe imefungwa kwenye biti ya drili kama alama ya kusimama, na paipu ziwe na presha huku unaangalia geji. Ukimaliza hiyo ramani iweke kwenye nailoni uibandike ukutani pale paipu zinapotokea, maana atakayetoboa mara nyingine anaweza asiwe wewe.